Mizani Inapogoma: Nasaha kwa Nyumba Yenye Aliyefanyiwa Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Jirani yetu mmoja, mama wa watoto wanne, alianguka akitawadha kwa ajili ya sala ya Alfajiri. Hakuteleza. Macho yaliingia kiza, magoti yakalegea, na mumewe akamkuta ameegemea pipa la maji, hajui yuko wapi wala ni saa ngapi. Kwa siku kumi alikuwa hali chakula. Hakuwa katika saumu, wala nyumba yake haikuwa na dhiki ya chakula. Alikuwa akiishi kwa chai ya rangi na maji, kwa siri, kwa sababu mizani ilikuwa imegoma kushuka.

Habari zake tunaziandika kwa idhini yake, kwa sharti la kutomtaja jina wala mtaa. Alituambia kwamba laiti angalisoma mapema yale aliyokuja kuyajua hospitali, asingalifika kwenye lile pipa. Nasi tumeona ni amana kuyafikisha, kwa kuwa upasuaji wa kupunguza uzito si jambo geni tena katika familia zetu. Wapo wanaofanyiwa hapa nyumbani, wapo wanaosafiri India, na ndugu zetu walioko Oman na nchi za Ghuba wanaujua zaidi. Mengi husemwa kuhusu siku ya upasuaji na gharama zake. Machache husemwa kuhusu mwezi wa saba.

Dada yetu huyu alikuwa na uzito wa kilo 128. Alikuwa na kisukari na shinikizo la damu, na magoti yake yalikuwa yamechoka kiasi kwamba kwa miaka mitatu alisali akiwa juu ya kiti. Mumewe aliuza kiwanja ili upasuaji ufanyike. Ulifanyika salama, Alhamdulillahi. Uzito ukaanza kushuka kwa kasi ambayo hata yeye mwenyewe iliogofya. Katika mwezi wa tano aliweka kiti pembeni, akasujudu juu ya mswala kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu. Katika mwezi wa saba mizani ilisoma kilo 92. Wiki iliyofuata ilisoma 92. Ikawa hivyo kwa wiki saba.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mama mkwe, ambaye anampenda, alimuuliza mbele ya wageni: "Mwanangu, mbona umeishia hapo? Au umerudia kula?" Katika khitma moja wifi yake akawa anahesabu vipande vya nyama vilivyomo katika sahani yake. Naye mume, bila ya nia mbaya, akasema usiku mmoja: "Mama watoto, ndiyo kusema kiwanja kile kimeishia kilo 92?" Dada yetu hakujibu. Kesho yake akaacha kula.

Kusimama kwa uzito ni nini

Kwanza tuelewane juu ya upasuaji wenyewe. Aina zinazofanywa zaidi ni mbili. Katika ya kwanza, daktari huondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, yapata robo tatu au zaidi kidogo, na kuuacha kama mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Katika ya pili, hutengenezwa kifuko kidogo sehemu ya juu, chenye ujazo wa takriban mililita 30, kisha kikaunganishwa na utumbo mwembamba ili chakula kipite njia ya mkato. Lile puto linalowekwa tumboni kwa miezi kadhaa na kisha kutolewa si upasuaji, ingawa mengi tutakayoyasema yanamhusu pia aliyewekewa puto.

Upasuaji huu haupunguzi nafasi ya chakula peke yake. Hubadilisha pia mazungumzo baina ya tumbo na ubongo. Homoni iitwayo ghrelini, inayochochea njaa, hutoka kwa wingi katika sehemu ile ya juu ya mfuko wa chakula ambayo huondolewa katika aina ya kwanza. Homoni za utumbo zinazoleta shibe nazo huongezeka. Ndiyo maana katika miezi ya mwanzo mtu husahau kula, na uzito hushuka bila ya yeye kupambana nao.

Kisha uzito husimama. Kusimama kwa kwanza huwatokea wengi mapema sana, aghalabu karibu na wiki ya tatu. Sababu yake ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga katika ini na misuli, na kila gramu moja ya akiba hiyo hushikana na takriban gramu tatu za maji. Chakula kinapopungua ghafla, akiba hiyo hutumika na maji yake hutoka, nayo mizani hushuka kilo kadhaa kwa siku chache. Akiba inapoanza kujazwa tena kidogo kidogo, maji hurudi, na mizani husimama japokuwa mafuta yanaendelea kuyeyuka. Atakayesubiri wiki mbili au tatu ataona inashuka tena.

Kusimama kwa pili, ambako ndiko kulikompata dada yetu, huja baadaye, mwezi wa sita, wa tisa au wa kumi na mbili. Huku hakutokani na maji peke yake.

Mwili unapohesabu upya

Ndoo ya plastiki tunayotekea maji ina ujazo wa lita 20, na maji yake yana uzito wa kilo 20. Dada yetu alikuwa amepunguza kilo 36, yaani karibu ndoo mbili zilizojaa. Miaka yote alikuwa akizibeba ndoo hizo kila alipopanda ngazi, kila alipokwenda sokoni na kila alipoinuka kutoka kitandani. Mwili ulilazimika kuchoma chakula kingi kuzibeba. Leo ndoo hizo hazipo. Hatua ileile, ngazi zilezile, zinagharimu nishati kidogo zaidi. Chakula kilichokuwa kikimpunguza alipokuwa na kilo 120 kinamtosha kubaki alipo akiwa na kilo 92.

Juu ya hilo, mwili wenyewe hubana matumizi. Mwenyezi Mungu aliuumba ukiwa na namna ya kujilinda dhidi ya njaa, nao hautofautishi baina ya ukame na ushauri wa daktari. Jambo hili limepimwa. Katika miaka ya 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mtaalamu Ancel Keys aliwachukua vijana 36 wenye afya, waliojitolea kwa hiari, akawapunguzia chakula kwa wiki 24. Walipoteza takriban robo ya uzito wao. Lakini kadiri walivyokonda ndivyo miili yao ilivyopunguza matumizi: mapigo ya moyo yalikwenda polepole, walihisi baridi, nguvu zikawaishia, na mawazo yao yote yakawa juu ya chakula. Hawakuwa wavivu wala walafi. Miili yao ilikuwa inajihifadhi.

Kwa hiyo mtu anapoona mizani imesimama, hesabu mbili zimekutana mahali pamoja: kinachoingia kimelingana na kinachotumika. Inawezekana hajakosea lolote. Inawezekana pia kuna jambo dogo la kurekebishwa. Hayo mawili hayajulikani kwa kumtazama mtu usoni au kuchungulia sahani yake.

Na tujue pia kwamba safari hii ina mwisho wake. Nchini Sweden, kuanzia mwaka 1987, wataalamu wakiongozwa na Lars Sjöström waliwafuatilia watu zaidi ya 4,000 wenye unene uliopindukia, takriban nusu yao wakiwa wamefanyiwa upasuaji. Waliopitishiwa chakula njia ya mkato walifikia uzito wao wa chini kabisa ndani ya mwaka mmoja hadi miwili, wakiwa wamepunguza kwa wastani asilimia 32 ya uzito wa awali. Baada ya miaka 10 walikuwa wamerudisha kiasi, wakabaki na upungufu wa asilimia 25. Pamoja na kurudisha huko, kundi la waliofanyiwa upasuaji lilikuwa na vifo vichache kuliko kundi ambalo halikufanyiwa. Faida ilikuwa katika uhai wao, wala hawakuhitaji kuwa wembamba ili waipate.

Tukirejea kwa jirani yetu: robo ya kilo 128 ni kilo 32. Siku ile mumewe alipouliza habari ya kiwanja, mkewe alikuwa ameshapunguza 36.

Kujinyima si dawa

Daktari aliyempokea baada ya kuanguka alimpima damu, akakuta chuma kimepungua. Sukari ilikuwa chini, kwa kuwa alikuwa ameendelea kumeza dawa za kisukari kwa kipimo kilekile cha zamani huku tumbo halina kitu. Nywele zake zilikuwa zikitoka kwa mashada. "Mama," alimwambia, "umeuchoma mlango wa nyumba upate kuni."

Maana yake ni hii. Mwili usiopata protini ya kutosha hula misuli yake. Misuli huchoma nishati hata mtu akiwa amekaa. Anayejinyima kabisa hupoteza misuli, na akiisha kuipoteza, matumizi ya mwili hushuka zaidi. Siku atakaporudi kula kawaida, kwa kuwa hapana mwanadamu asiyerudi kula, uzito hupanda kwa urahisi kuliko mwanzo. Kwa aliyepasuliwa tumbo hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu tayari anapata chakula kichache na virutubisho vyake havifyonzwi kama zamani. Ukosefu wa vitamini B1 ukizidi hudhuru neva na ubongo, na wakati mwingine madhara hayo hayarudi nyuma.

Vinavyopita bila kuhesabiwa

Alipopata nguvu, mtaalamu wa lishe alimpa daftari na kumtaka aandike kila alichokuwa akila na kunywa katika wiki ya kawaida kabla ya kuanza kujinyima. Hakuambiwa kwamba atahukumiwa. Aliambiwa aandike kama mtu anayefanya hesabu za duka lake.

Mchana alikuwa anakula vijiko vinne vya wali na kipande kidogo cha samaki, anashiba. Usiku hivyohivyo. Ukitazama sahani, usingemwona na kosa. Lakini daftari lilikuwa na mengine. Chai ya maziwa mara nne kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu vya sukari: hapo pekee pana kalori karibu 200 za sukari. Glasi ya juisi ya embe saa nne. Karanga za kutafuna akiwa anawasubiri watoto: konzi moja, gramu 30, ina kalori zipatazo 170, naye alikuwa anamaliza konzi mbili. Visheti viwili jirani akileta. Kipande cha kashata.

Hakuna ulafi hapo. Tatizo ni kwamba tumbo lililofanywa dogo hukizuia chakula kigumu, kama vile nyama, samaki na maharage, kwa kuwa hicho hukaa na kuleta shibe. Vitu vya majimaji, vitamu na vya kumumunyika hupita bila kuzuiwa. Ndiyo maana mtu anaweza kushiba kwa vijiko vinne vya chakula cha maana, kisha akanywa kalori nyingi kuliko alizokula. Hapo ndipo upasuaji usipofika, na ndipo kazi ya mwenyewe ilipo.

Aligundua na jambo jingine: alikuwa anakunywa maji katikati ya chakula, ili kiteremke. Waliopasuliwa huelekezwa waache takriban nusu saa baina ya kula na kunywa. Maji pamoja na chakula husababisha kichefuchefu kwa baadhi yao, na kwa wengine hufanya shibe iondoke mapema.

Sahani ya aliyepasuliwa

Kanuni aliyopewa ilikuwa nyepesi kukumbuka: protini kwanza, mboga za majani baadaye, wanga mwisho ikiwa nafasi imebaki. Wataalamu wengi hutaka aliyepasuliwa apate angalau gramu 60 za protini kwa siku, na wapo wanaohitaji zaidi. Si lazima kununua unga wa makopo kutoka ng'ambo. Yai moja lina takriban gramu 6. Kipande cha samaki au kuku aliyepikwa cha gramu 100 kina zaidi ya gramu 20. Kikombe cha maziwa au mtindi kina gramu 8. Nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa kina yapata gramu 7. Mayai mawili asubuhi, samaki mchana, mtindi alasiri, maharage na kipande kidogo cha kuku usiku: kiwango kimetimia, na mkoba wa nyumba haukutikisika.

Vidonge vya vitamini na madini ni vya maisha yote, kwa namna atakavyoelekeza daktari: chuma, kalsiamu, vitamini D, vitamini B12 na vinginevyo. Wengi huviacha mwaka wa pili kwa kuwa wanajisikia wazima. Maji yanywewe kidogo kidogo kutwa nzima, hadi lita moja na nusu au zaidi. Usingizi nao una hesabu yake, kwa kuwa mwenye kukosa usingizi huzidiwa na njaa ya vitamu.

Kisha kuna misuli. Kutembea ni kuzuri, lakini misuli hujengwa kwa kubeba na kusukuma. Mwanamke anayejistiri hahitaji ukumbi wa mazoezi wa gharama. Dada yetu hufanya mazoezi chumbani mwake: huinuka na kukaa kwenye kiti mara kumi kwa mizunguko mitatu, hujisukuma ukutani kwa mikono, na hunyanyua chupa mbili za maji za lita moja na nusu. Hufanya hivyo siku tatu kwa wiki. Anayeanza mazoezi ajue kwamba misuli iliyoamshwa huhifadhi maji siku za mwanzo, hivyo mizani inaweza kupanda kidogo kabla ya kushuka.

Futari, daku na walima

Ramadhani ilimkuta dada yetu katika mwezi wa tisa. Daktari hakumruhusu kufunga, kwa sababu ya upungufu wa damu na dawa za kisukari zilizokuwa zikirekebishwa. Alilia. Lakini ruhusa ya mgonjwa kula na kulipa siku nyingine imo ndani ya Kitabu chenyewe, na anayeikataa huku mwili wake ukidhurika hajiongezei ucha Mungu. Madaktari wengi humtaka aliyepasuliwa asifunge katika miezi ya mwanzo, na wapo wanaotaka avuke mwaka mzima. Jambo hili liamuliwe na daktari anayemjua, na hukumu ya kulipa aulizwe sheikh.

Kwa aliyeruhusiwa, sunna yenyewe inamfaa. Kufuturu kwa tende na maji, kisha kusimama kwa sala ya Maghribi, humpa ule muda wa kutenganisha kinywaji na chakula ambao daktari anautaka. Akirudi kutoka kwenye sala, aanze na samaki, kuku au dengu kabla ya kugusa magimbi na mihogo ya nazi. Kaimati, tambi na juisi ndivyo vinavyopita bila kuzuiwa, na mwezi mmoja wa kuvila kila jioni unatosha kuirudisha mizani nyuma. Daku isiachwe, na iwe na protini. Maji yagawanywe baina ya Magharibi na Alfajiri, kwa funda ndogondogo.

Mafundisho ya Mtume (S.A.W.) ya kuligawa tumbo mafungu matatu, la chakula, la kinywaji na la pumzi, sote tunayajua na wengi tumeyahifadhi. Aliyepasuliwa analazimika kuyatekeleza kila siku. Ajabu ni kwamba sisi wenye matumbo mazima ndio tunaomuuliza kwa nini amekula au kwa nini hakula. Katika walima, mwenyeji asimsihi kwa viapo amalize sahani, na asiyemaliza asihesabiwe kuwa amedharau chakula cha watu.

Wakati wa kurudi kwa daktari

Uzito kusimama wiki mbili au tatu si ugonjwa. Ukisimama kwa zaidi ya miezi miwili, au ukaanza kupanda mfululizo, inafaa kurudi kliniki bila ya aibu. Huenda tezi ya shingo haifanyi kazi vizuri. Huenda dawa anayotumia inachangia: baadhi ya dawa za kisukari, za msongo wa mawazo, za jamii ya steroidi, na kwa baadhi ya wanawake sindano ya uzazi wa mpango, zinaweza kuongeza uzito. Dawa hizo zisiachwe kienyeji. Daktari huenda akazibadilisha. Huenda pia daktari akaona haja ya kuutazama mfuko wenyewe.

Yapo mambo yasiyongoja kliniki ya mwezi ujao: kutapika kusikokoma, maumivu makali ya tumbo, choo cheusi kama lami, kuzimia, ganzi au udhaifu wa miguu, na kuchanganyikiwa. Aliyepasuliwa, hususan kwa njia ya mkato, asimeze dawa za maumivu za aina ya diklofenaki na ibuprofeni bila idhini ya daktari, maana zinaweza kumtia vidonda.

Na kwa wanandoa: wataalamu hushauri mimba isubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu baada ya upasuaji. Uzito unaposhuka, uwezo wa kushika mimba mara nyingi huongezeka, hata kwa waliokuwa wamekata tamaa, nayo ikija mapema humkuta mama hana akiba. Mazungumzo hayo yafanyike kabla.

Wajibu wa nyumba

Daktari alimwomba mume aje peke yake. Hakumlaumu. Alimwonyesha karatasi mbili: ya siku ya upasuaji na ya mwezi ule wa saba. Sukari iliyokuwa haishikiki sasa ilikuwa inadhibitiwa kwa dawa kidogo. Shinikizo la damu lilikuwa limeshuka. Kiuno kilikuwa kimepungua sentimeta nne katika wiki zilezile saba ambazo mizani haikusogea. Kisha akamuuliza mkewe anasali vipi. Mume akanyamaza. Alikuwa amemwona akisujudu kwa miezi miwili, na hakuwahi kumwambia neno juu yake.

Tumelifikiri sana jambo hili. Nyumba nzima ilikuwa inaitazama namba moja, na neema iliyokuwa juu ya mswala mbele yao kila siku mara tano haikuonekana. Mgonjwa mwenyewe naye hakuiona, kwa kuwa macho yake yalikuwa yakifuata macho ya wengine.

Sura ya Al-Hujurat imetukataza kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya, na hapana shaka kwamba "bonge" na "umeishia hapo" vimo ndani ya katazo hilo hata vikisemwa kwa kicheko. Wapo pia wanaowatia waliopasuliwa hofu ya kubadilisha uumbaji wa Mwenyezi Mungu. Mwenye shaka na amwendee mwanachuoni kwa adabu. Asiigeuze kuwa silaha ya barazani dhidi ya mtu aliyekwenda kutafuta dawa ya kisukari chake.

Zipo njia nyepesi za kusaidia. Mizani iondolewe chumbani. Ipandwe mara moja kwa wiki, siku ileile na saa ileile. Kiuno kipimwe kwa utepe wa fundi cherehani kila mwezi. Sukari ipungue katika chai ya nyumba nzima, kwa kuwa hapana aliyewahi kudhurika kwa kuipunguza. Mume na mke watembee pamoja baada ya Isha. Na likitafutwa la kuuliza, liulizwe "Umeamkaje?" badala ya "Umefika ngapi?"

Katika nyumba ya dada yetu, mizani sasa imo kabatini na hutolewa Ijumaa asubuhi. Baada ya chai kupunguzwa sukari, karanga kupimwa kwa kijiko na mazoezi kuanza, uzito ulikaa palepale kwa wiki mbili zaidi, kisha ukaanza kushuka taratibu. Mama mkwe, aliyeelezwa na mwanawe yale yaliyotokea pale kwenye pipa, ndiye anayemkaangia samaki wa mchana kwa mafuta kidogo na kumwekea pembeni kabla ya wengine kupakua.

Tulipomtembelea kwa ajili ya makala haya alikuwa katika mwezi wa kumi na nne. Uzito wake ulikuwa kilo 87, nao ulikuwa haujasogea kwa wiki tatu. Tulimuuliza kama ana wasiwasi. Alitazama saa ya ukutani, akasema adhana ya Adhuhuri imekaribia, akatuomba radhi aende kutawadha. Tulimsikia akifungua maji. Mumewe, aliyekuwa ameketi nasi, aliinuka akatandika miswala miwili, na kile kiti cha zamani akakisogeza kwetu ili mgeni aketi.

Tunamwomba Allah amkamilishie afya, na awape wagonjwa wetu wote subira, na sisi wenye kuwatazama atupe ndimi njema. Amin.